Home Alone: Mama Ndani ya Ndege na Jirani Mwenye Beleshi



Kila ukifika mwezi wa Disemba watoto wetu wa huku nje huirudia filamu moja mpaka maneno yake wanayajua kwa moyo, nayo ni Home Alone ya mwaka 1990. Sisi wakubwa hupita sebuleni na kikombe cha chai mkononi, tukasimama kidogo kucheka pale mwizi anapokanyaga msumari, kisha tukasema, "Ah, mambo ya kitoto haya," tukenda zetu. Wapo wanaosema hiyo ni filamu ya Krismasi ya wenyewe, sisi haituhusu. Wapo na wengine, khasa walimu, wanaolalamika kuwa inawafundisha watoto kumwangushia mtu pasi usoni halafu wakacheka. Mimi nataka kuitetea, lakini si kwa zile hoja za siku zote kwamba inachekesha na muziki wake mzuri. Ninavyoona, ile mitego ambayo kila mtu anaikumbuka ndiyo sehemu yake nyepesi kuliko zote. Kilichoifanya ikaishi zaidi ya miaka 30 ni waigizaji watu wazima waliokubali kuuchukulia kwa uzito mkasa ambao kwa juu juu ni wa kipuuzi, na wa mbele yao ni mama mwenyewe.

Hadithi mnaijua, naipitisha haraka haraka tu. Ukoo wa McCallister wa Winnetka, kitongoji cha wenye nazo kaskazini mwa Chicago, unajitayarisha kwenda Paris kula Krismasi kwa ndugu yao aliyehamishiwa huko kikazi. (Naam, chanzo cha safari yote ni ndugu aliyeko ughaibuni. Hilo wahakiki wengi hulipita.) Usiku wa kuamkia safari nyumba imejaa watoto na mabinamu, mabegi mlangoni, piza mezani, na Kevin wa miaka 8 anagombana na kaka yake aliyemlia piza yake ya jibini. Maziwa yanamwagika, ami yake anamtukana mbele ya watu, mama anampandisha kulala darini. Mtoto kwa hasira anatamani wote watoweke. Upepo wa usiku unakata umeme, saa za kuamshia hazilii, asubuhi ni patashika nguo kuchanika, na ndege inaruka bila ya Kevin. Huku nyuma wezi wawili wanaizengea nyumba. Basi.

Muswada ni wa John Hughes, ambaye pia ndiye mtayarishaji, na mwongozaji ni Chris Columbus. Warner Bros. waliuacha mradi kwa ajili ya gharama, 20th Century Fox wakaudaka. Ukatumia kiasi cha dola milioni 18 na ukaingiza zaidi ya milioni 470 duniani kote, na kwa wiki 12 mfululizo hakuna filamu iliyoipiku katika majumba ya senema ya Marekani. Fedha haithibitishi uzuri wa kitu, lakini idadi kama hiyo haiwezi kuwa ya watoto peke yao. Kuna kitu wazazi walikiona mle.

Tuanze na ile hesabu. Binamu mmoja mkubwa amepewa kazi ya kuwahesabu watoto kabla ya kupanda magari ya kwenda uwanja wa ndege. Mtoto wa jirani, kidomodomo mmoja asiyeisha maswali, amekuja kuchungulia safari ya watu na ameinamia begi akipekua. Binamu anamgonga kisogoni, anamhesabu, idadi inatimia. Hughes angeweza kutwambia kuwa walisahau tu, tungemkubalia. Badala yake amevipanga vitu vidogo vidogo: upepo, umeme, tiketi iliyotupwa pamoja na karatasi za kufutia maziwa, kisogo cha mtoto wa jirani. Hakuna hata kimoja kinachotosha kumpoteza mtoto, lakini ukivijumlisha mtoto anabaki.

Sasa sisi tuliokulia katika nyumba za watu 15 na zaidi tunaliona jambo hapa ambalo Mmarekani pengine halioni. Kwetu mtoto wa jirani kuhesabiwa miongoni mwa watoto wa nyumba si kosa, ni kawaida. Akikutwa wakati wa chakula anakaa mkekani anakula, na akifanya ukorofi anachapwa pamoja na wenyewe. Lakini hesabu hiyo ya kwetu huenda pande zote mbili. Ukimhesabu wa jirani kwako, basi na wako kahesabiwa kwengine. Kevin angebaki Ng'ambo au Mji wa Kale wa Mombasa, kabla ya saa nne asubuhi keshaulizwa na nyumba tatu kwa nini yumo kibarazani peke yake. Kule Winnetka ule upande wa pili wa hesabu haupo. Mtoto wa jirani kahesabiwa kwa bahati mbaya, na mtoto wa nyumba hakuhesabiwa na yeyote.

Bibi mmoja aliyekuja kumtembelea mwanawe hapa Uingereza aliitizama filamu hii pamoja nasi bila ya kufahamu Kiingereza. Alicheka sana mwanzo. Ilipofika katikati akanyamaza, halafu akauliza, "Kwani hao hawana majirani?" Watoto wakacheka. Mimi naona bibi ndiye aliyeuliza swali ambalo filamu nzima inalizunguka, na nitalirudia.

Kwanza mama. Catherine O'Hara, aliyecheza Kate McCallister, alikuwa mchekeshaji wa kuzaliwa nao. Alitoka Toronto, katika kikundi cha Second City na kipindi cha televisheni cha SCTV, na vijana wa karibuni walimjua zaidi kwa Schitt's Creek iliyompa tuzo ya Emmy mwaka 2020. Mtu wa namna hiyo ukimpa nafasi ya mama anayesahau mtoto, ungetarajia akuchekeshe kwa macho na mikono. Hafanyi hivyo. Itizameni ile sehemu ndani ya ndege. Wazazi wamekaa daraja la kwanza, watoto wamepangwa nyuma daraja la chini (hilo nalo lina maneno yake), na Kate ana kitu kinamkera moyoni. Anauliza kama walizima hiki, kama walifunga kile. Mumewe anakumbuka mlango wa gereji uliachwa wazi, anadhani ndilo hilo, anapumua. O'Hara anakubali kwa sekunde moja, halafu tunaona uso wake ukikataa. Akili imefika kabla ya mdomo. Ndipo anapolitaja jina la mtoto kwa ukelele ambao watoto hucheka na mzazi yeyote aliyewahi kumpoteza mwana sokoni hata kwa dakika mbili hawezi kucheka.

Kuanzia hapo mwigizaji huyu anabeba filamu ya pili ndani ya filamu, nayo ni ya msafiri aliyekwama. Paris, Dallas, Scranton. Uwanja wa ndege wa Paris anawabembeleza wazee wawili wamuachie tiketi zao, anawapa fedha, anaongeza vito, anaongeza saa ya mkononi, na bibi yule bado anatizama kama kuna jengine la kuongezwa. Ni kichekesho cha sokoni kabisa, mnunuzi mwenye shida mbele ya muuzaji asiye na haraka. Huko Scranton anasimama mbele ya karani wa ndege aliyempa jawabu la vitabuni, kwamba nafasi hakuna, na hapo anapasuka. O'Hara hapigi kelele za senema. Anachoka mbele yetu, sauti inapanda, inavunjika, inakusanyika upya. Kila mmoja wetu aliyewahi kupokea simu ya usiku kutoka nyumbani, kisha asubuhi akasimama mbele ya dirisha la tiketi na pesa mkononi akaambiwa ndege ya leo imejaa, atamtambua mwanamke yule. Si lazima uwe unakula Krismasi.

Anayemuokoa ni John Candy, na hapa naomba tukae kidogo. Candy alicheza siku moja tu katika filamu hii, kwa ujira wa kima cha chini cha waigizaji, kwa ajili ya urafiki wake na Hughes. Walishafanya pamoja Planes, Trains and Automobiles mwaka 1987, ambayo nayo ni ya msafiri anayehangaika kufika kwake siku ya sikukuu, na Uncle Buck mwaka 1989, ambamo Candy na mtoto huyu huyu, Macaulay Culkin, walikuwa na ile sehemu ya maswali ya mbio mbio iliyomfanya Hughes amwone mtoto kwa jicho jengine. Humu yeye ni Gus Polinski, mpiga polka mwenye bendi yake, ambaye ndege yao imefutwa na wamekodi gari la mizigo la kuwarejesha Milwaukee. Anamwambia Kate apande, Chicago iko njiani.

Candy na O'Hara walijuana toka ujana, wote wametoka Second City ya Toronto, na mengi ya mazungumzo yao ndani ya gari waliyabuni papo hapo. Kate analia kuwa yeye ni mama mbaya. Gus anataka kumliwaza, na anachokitoa ni kwamba wao wanamuziki wako njiani karibu mwaka mzima na familia zao hawazioni. Ukidhani hiyo ndiyo faraja yenyewe, anaongeza kisa cha siku aliyomsahau mwanawe kwenye nyumba ya maiti, mtoto akashinda na maiti siku nzima, lakini hakudhurika, baada ya wiki sita au saba akaanza tena kusema. Candy anakisimulia bila ya kukonyeza jicho, kwa upole mtupu, kama mtu anayekupa blanketi. O'Hara anamsikiliza kwa uso wa mtu asiyejua alie au ashukuru. Mimi katika filamu hii yote sioni pahala pengine panapochekesha zaidi, na hakuna mtu anayeanguka. Baba aliye mbali na watoto kwa ajili ya riziki anamfariji mama aliye mbali na mtoto kwa ajili ya starehe, na faraja yake inazidi kumtonesha. Wengi wetu tumewahi kuliwazwa namna hiyo, na wengi wetu tumewahi kuliwaza namna hiyo, kwa simu.

Candy alifariki mwaka 1994 akiwa na umri wa miaka 43.

Na baba wa Kevin? John Heard, aliyefariki 2017, alikuwa mwigizaji mzuri aliyepewa nguo za kuvaa tu. Peter McCallister anabaki Paris na watoto wengine akingoja ndege ya baadaye. Muswada haumlaumu wala haumpi la kufanya. Hili naliona ni pengo, kwa sababu filamu inamtwisha mama hatia yote peke yake, na hali ya kuwa aliyetupa tiketi ndani ya taka ni baba.

Tuje kwa wezi. Katika Kiswahili tunalo neno chale kwa mchekeshaji, ambalo wengi wanalihusisha na Charlie Chaplin, na sifa ya chale ni kuwa mwili wake hauumii kama wetu. Anaanguka anainuka, kama King Majuto wetu wa Tanga alivyokuwa akipokea kofi na kugeuza kofi lile kuwa kicheko. Joe Pesci na Daniel Stern, waliocheza Harry na Marv, ni machale wa aina hiyo kwa umbo, mmoja mfupi mmoja mrefu, mmoja mwenye hasira mmoja bwege. Lakini Pesci alifika hapo akitoka kucheza muuaji katika Goodfellas ya Martin Scorsese, iliyoingia senema miezi miwili kabla ya hii na kumpatia tuzo ya Oscar mwezi wa Machi 1991. Alikataa kumkaribia mtoto nje ya kamera ili mtoto amuogope kweli, na alipokuwa na hamu ya kutukana matusi ya Goodfellas akayageuza kuwa manung'uniko yasiyo na maneno. Ndiyo maana Harry anatisha pale mwanzo anapoingia nyumbani na sare ya polisi, akitabasamu na jino lake la dhahabu, akiwauliza watu safari yao. Hakuna anayemjibu kwa sababu kila mtu ana shughuli zake. Jambazi yumo ukumbini na nyumba ya watu 15 haina mtu wa kumuangalia.

Stern yeye ni chale khasa. Marv huacha mifereji wazi katika kila nyumba waliyoiba, mafuriko yawe ndiyo sahihi yao, na Stern analicheza hilo kwa fahari ya msanii asiyethaminiwa. Pale buibui anapowekwa usoni mwake, buibui alikuwa wa kweli, na inasemwa kuwa Stern alifungua mdomo bila ya sauti asimshtue mdudu, ukelele ukatiwa baadaye. Na wale waliokuwa wakianguka ngazini kwa niaba yao, Troy Brown na Leon Delaney, walianguka kweli, siku zile kompyuta haijawa na uwezo wa kumuangusha mtu. Ukitizama leo unauona uzito wa mwili unapopiga sakafu. Kwa hiyo wale walimu wanaolalamika wana haki kidogo. Pasi inayoshuka kupitia tundu la nguo chafu, moto unaounguza kofia ya Harry, makopo ya rangi, haya ni mambo ya kuua. Mimi nasema robo saa ya mwisho inarefuka zaidi ya haja, na kila mtego mpya unakata kidogo imani yetu kwamba huyu ni mtoto mwenye khofu.

Maana kabla ya mitego kuna jambo jengine bora zaidi, nalo watu hulisahau. Wezi wanapoirudia nyumba Kevin hawatupii kitu. Anafanya nyumba ionekane imejaa watu. Anafunga kamba kwenye sanamu za nguo, anamfunga Michael Jordan wa karatasi juu ya treni ya kuchezea azunguke sebuleni, anafungulia muziki, na kupitia mapazia wezi wanaona vivuli vya karamu, wanakimbia. Mtoto aliyetamani watu wa nyumba yake watoweke anajilinda kwa kuwatengeneza upya kwa kamba na karatasi. Hughes hakulisemea hilo hata neno moja, kaliacha lipite. (Na nisiache kusema kuwa mtu mweusi anayekumbukwa katika nyumba ile ni huyo Jordan, naye wa karatasi.) Mitaa ile ina nyumba ambazo taa zake zinajiwasha zenyewe kwa saa wakati wenyewe wako safarini, na Harry anazijua zamu zao, anazihesabu zikiwaka moja baada ya moja. Nyumba zote zinajidai kuwa na watu. Ya Kevin tu ndiyo inayojidai na kumbe mtu yumo.

Culkin mwenyewe alikuwa na miaka 9 wakati wa kupiga picha. Yamesemwa mengi juu yake, na maisha yake ya baadaye, ugomvi wa wazazi wake mahakamani na kuacha kuigiza mwaka 1994, yamewafanya watu waitizame filamu kwa huruma ambayo haimo ndani yake. Mimi namtizama kama mwigizaji. Ubora wake ni kuwa hajipendekezi. Watoto wengi wa senema wanajua kuwa ni wazuri, huyu anakunja uso, anasema na nafsi yake kama mzee aliyechoshwa na wajukuu. Ule ukelele wake maarufu, viganja vimegandana na mashavu baada ya kujipaka maji ya kunyolea, aliugandisha mwenyewe, na sasa uko kwenye mabango ya dunia nzima. Lakini mimi napenda zaidi anavyokwenda dukani kununua maziwa na sabuni, anavyojibu maswali ya karani, halafu mifuko inampasukia njiani na vitu vinamwagika chini. Hapo anainua mabega tu. Unamuona mtoto aliyeanza kujua kuwa nyumba ni kazi.

Sasa nirudi kwenye swali la bibi. Hawana majirani? Wanaye mmoja. Mzee Marley, mwenye ndevu nyeupe na beleshi la theluji, ambaye watoto wanasema aliua watu wake na huwahifadhi ndani ya pipa la chumvi. Aliyemcheza ni Roberts Blossom, mwigizaji wa jukwaani aliyekuwa pia mshairi, aliyefariki mwaka 2011. Mhusika huyu alikuzwa na Columbus, ambaye alihisi hadithi inahitaji kitu kizito, na jina lake linamkumbusha msomaji wa Charles Dickens yule marehemu Marley wa hadithi ya Krismasi. Usiku wa Krismasi, kanisani, kwaya ya watoto inafanya mazoezi, Kevin kakaa peke yake, na mzee anamuomba ruhusa ya kukaa. Kumbe amekuja kumsikiliza mjukuu wake akiimba, kwa sababu amegombana na mwanawe miaka mingi na hakaribishwi siku yenyewe.

Blossom anaicheza sehemu hii kwa sauti ya chini kabisa, na mkono wake uliofungwa bendeji juu ya goti. Hajaribu kupendwa. Mzee anakiri kuwa anaogopa kumpigia simu mwanawe asije asimjibu. Mtoto, ambaye muda mfupi nyuma alikuwa akiogopa tanuri la kupashia moto nyumba, anamwambia ajaribu, angalau atajua. Wanazungumza kama watu wawili wa rika moja, na kwa dakika zile filamu inaacha kabisa kutaka tucheke. Sitaki kutia chumvi, lakini ni wangapi kati yetu wana ndugu au baba huko nyumbani ambaye hawajasemezana naye tokea mgawo wa shamba, au siasa za uchaguzi fulani, au harusi iliyokataliwa, na kila sikukuu simu inashikwa, namba inatizamwa, simu inawekwa chini? Hilo ndilo filamu hii inalolizungumza. Basi na wanaosema haituhusu waliangalie upya.

Tena mzee huyo huyo ndiye anayemuokoa Kevin mwishoni. Mitego yote imekwisha, wezi wamemkamata mtoto na kumtundika, na beleshi ndilo linalowaangusha. Fimbo ya mbali haiuwi nyoka. Mama yumo ndani ya gari la polka, polisi wako kituoni, na aliyefika ni jirani aliyeogopwa. Watoto wanakumbuka kuwa Kevin aliwashinda wezi. Hakuwashinda. Hughes na Columbus wamelionyesha wazi, lakini mitego ina kelele nyingi hata hatulisikii.

Kuna sehemu moja ambayo kila nikiiona naipokea kwa moyo mzito. Kate anapiga simu polisi ya kwao kutoka Paris. Anarushwa kutoka karani huyu hadi yule, mmoja wao ana kitumbua mdomoni, mwisho askari mmoja anakwenda kugonga mlango, Kevin kajificha, hakuna anayefungua, na askari anarejesha habari kuwa nyumba haina mtu, mwambieni mama ahesabu watoto wake upya. Tunacheka. Halafu nafikiri, angekuwa mama wa kwetu anayepiga simu kutoka Muscat au Dar es Salaam, kwa lafudhi yetu, kusema kuwa amemsahau mtoto wa miaka 8 nyumbani, wangemwambia ahesabu upya? Hapa Uingereza sheria haitaji umri maalumu wa kumuacha mtoto peke yake, lakini ni kosa kumuacha katika hali ya hatari, na kila mzazi mhamiaji anayefanya kazi za zamu za usiku anajua barua ya ustawi wa jamii inavyofika. Wapo kati yetu wanaomuachia mkubwa wa miaka 12 ufunguo na wadogo zake wawili kwa saa tatu, na saa tatu hizo hawapumui. McCallister wanarudi, wanakumbatiana, hakuna anayewagongea mlango kuwauliza. Filamu haijui kuwa msamaha ule una bei na si kila mtu anauzika. Silihesabu hilo kuwa dhambi ya Hughes, yeye aliandika juu ya watu aliowajua, kitongoji chake mwenyewe cha kaskazini mwa Chicago. Lakini tunaoitizama ni sisi, na kicheko chetu pale kina mpaka.

Zilizofuata nazipitia upesi. Ya pili, 1992, New York, ni ile ile kwa gharama kubwa, na mwanamke wa njiwa anayechezwa na Brenda Fricker ni Marley aliyebadilishwa nguo. Kuna kasoro moja kubwa: katika ya kwanza Kevin analinda nyumba yake, katika ya pili anawavuta wezi mpaka kwenye nyumba aliyoitegea, na kutoka juu ya paa anawatupia matofali. Kicheko kinakuwa na ladha nyengine. Ya tatu, 1997, haina hata mmoja wa waigizaji wa mwanzo. Ile ya 2021, Home Sweet Home Alone, imewafanya wezi kuwa mke na mume wema wanaokaribia kupoteza nyumba yao. Baada ya kutuonea huruma hivyo unataka tucheke wanapoungua? Waliofanya hivyo hawakuelewa kwa nini Harry alipewa uso wa Pesci.

Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza Home Alone ya kwanza katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa. Na Disemba ya mwaka huo huo Culkin alipowekewa nyota yake Hollywood, aliyesimama kumsemea ni O'Hara.

Mwisho wa filamu, asubuhi ya Krismasi, Kate anafika peke yake baada ya siku zote zile za kuhangaika, mtoto anamtizama kidogo kabla ya kumkimbilia, na O'Hara anaingoja ile sekunde bila ya kuinyoosha mikono. Dakika chache baadaye mlango unafunguka, wanaingia wengine wote, wamepanda tu ile ndege waliyokuwa wakiingoja. Mateso yake yote yamempa dakika chache. Kevin hasemi lolote juu ya wezi. Anasema alikwenda dukani, alinunua maziwa na mayai. Baba anaokota jino la dhahabu sakafuni, analigeuza geuza, hajui la nani. Aliye na nafasi sikukuu ijayo aitizame tena, na mitego ikianza akatie chai yake, kisha arudi pale mlango unapofunguka.